Sifuri Kwenye Sufuria

Pale Moshi mjini, mwaka wa tisini na saba, palikuwa na maabara ya kupimia kahawa yenye jina rasmi refu ambalo hata wafanyakazi wake walilisoma ukutani wakitaka kulitaja. Makarani, wapagazi wa maghalani na madereva wa malori waliiita Ongeza Tatu. Ukienda buchani ukaagiza nyama kilo moja, na muuzaji akakutambua kuwa ni wa maabara ile, alikuuliza kwa sauti ili wote wasikie: "Moja kamili, mama, au niongeze tatu?"

Jina hilo lilitokana na kibandiko. Juu ya oveni ya kukaushia sampuli palikuwa na kipimajoto kirefu cha zebaki, na pembeni yake kikaratasi kilichogeuka manjano kwa uzee, kimeandikwa kwa mkono wa kujivuna: ONGEZA 3. Kilibandikwa na Mzee Remigius, mwanzilishi wa maabara, mtu aliyeianza kazi hiyo na meza moja na mizani ya kuazima. Siku ya kwanza alichemsha maji, akatumbukiza kipimajoto, na zebaki ikagoma kwenye nyuzi tisini na saba. Vitabu vyote vinasema maji huchemka kwa nyuzi mia. Akaagiza kipimajoto kingine, nacho tisini na saba. Akaagiza cha tatu, yale yale. Mzee akakata shauri kwamba watengenezaji wa huko Ulaya ni walaghai wanaoiba nyuzi tatu kwa kila mteja, akachukua kalamu, akaandika kibandiko. Waliomfuata wote walichemsha maji, wakapata tisini na saba, wakatikisa vichwa na kusema kweli Mzee ni fundi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Pale walilisikia la mkuu, tena kwa utii, na guu likavunjika vilevile.

Aliyelikuta guu limevunjika ni Dafroza. Alikuwa mwenyeji wa Masama, mwenye shahada ya kemia, na alirithi ukuu wa maabara Mzee alipostaafu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu, anayefoka na kusahau. Aliipenda ile oveni kuukuu, ambayo wote waliiita Bibi, kuliko watu wengine wanavyowapenda ndugu zao.

Enzi hizo soko lilikuwa limefunguliwa. Chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi peke yake. Wanunuzi binafsi walizagaa Moshi na magari yao mapya, na kila mmoja alikuwa na masharti. Sharti moja lilikuwa kubwa kuliko yote: cheti cha maabara kingekubaliwa ng'ambo iwapo tu maabara ingehakiki upya njia zake za zamani na kuonyesha kwamba zinafikia viwango vya sasa. Haikutosha tena kusema hivi ndivyo tulivyofundishwa. Ililetwa sampuli ya kahawa katika kopo lililofungwa kwa lakiri, unyevu wake ukijulikana na wenyewe tu huko walikoitoa, na kila maabara ikapime na kutoa jibu.

Ongeza Tatu ilipima, ikatoa jibu, ikaanguka. Unyevu mliousoma, waliambiwa, ni mdogo kuliko uliopo. Mtapewa kopo jingine kabla ya Pasaka. Mkianguka tena, vyeti vyenu havitapokelewa, na sampuli za Kilimanjaro zitapimwa nchi jirani.

Hilo peke yake lingetosha kumkosesha mtu usingizi, lakini Dafroza alikuwa na donda jingine, na hilo lilikuwa la nyumbani.

Kwa miaka mingi kahawa ya mlimani ilitoka Moshi na cheti cha kusema ni kavu, ikafika Ulaya ina unyevu. Wakati wa ushirika, lawama iliachiwa bahari. Kila mtu alikubali kwamba bahari ina chumvi, ina mvuke, na watu wa pwani hawajui kufunika mizigo. Wanunuzi binafsi hawakuwa na subira na bahari. Wakala wao mmoja, kijana mnene aitwaye Wenseslaus, mzaliwa wa Masama hiyo hiyo, aliamua kwamba wakulima wanalowesha magunia baada ya kupata cheti ili yaongezeke uzito. Mwezi wa kumi na moja alirudisha magunia ya kikundi cha akina mama wa Masama. Aliyashusha mbele ya ghala, watu wamejaa, akasema: "Nyie hamuuzi kahawa. Mnauza maji!"

Mwenyekiti wa kikundi kile alikuwa Mama Mektrida, mama yake Dafroza. Huyu alikuwa mwanamke anayekaa benchi la mbele kanisani, ambaye hajawahi kurudisha debe la jirani likiwa pungufu. Kuitwa mwizi wa maji mbele za watu kulimkata maini. Hakulia. Alishuka mjini na kanga yake ya Jumapili, akaingia maabara bila kubisha hodi, akamkuta binti yake ameinamia mizani.

"Sisi tulianika mpaka cheti chenu kikasema basi, imekauka," alisema. "Sasa uniambie wewe uliyesoma. Mwongo ni nani, mimi au cheti?"

Kisha akamwachia binti yake mkungu mdogo wa ndizi aliokuja nao, kwa sababu hasira ni hasira lakini mtoto lazima ale, akaondoka.

Tangu siku hiyo Dafroza aliigeuza maabara ndani nje. Msaidizi wake alikuwa Shedrack, mtoto wa mkata miwa kutoka mashamba ya sukari kule chini, mcheshi, mwenye mkono mtulivu wa kupimia. Walihakiki mizani kwa mawe ya kupimia yaliyotoka Dar es Salaam, ilikuwa sahihi. Walibadilisha mpira wa mlango wa Bibi. Walipima sampuli moja mara nyingi, leo yeye, kesho Shedrack, na majibu yakafanana kama mapacha. Hapo ndipo penye mtego wa kazi hii, na wengi umewanasa: majibu yanayofanana si lazima yawe ya kweli. Mtu anaweza kukosea vizuri sana, kila siku, pale pale.

Kila kitu kilishukiwa isipokuwa kibandiko. Kukishuku kibandiko kungekuwa sawa na kumshuku padre.

"Dada Dafroza," Shedrack alisema siku moja amekata tamaa, "labda wale wa maabara za nje wanasema kweli kwamba Bibi ni wa kuuzwa. Tumuuze Bibi chuma chakavu, tuombe oveni mpya."

"Ukimgusa Bibi nakukata mkono," alijibu Dafroza, na hakuwa anatania sana.

Ikaja Krismasi. Mchaga hata awe wapi, Krismasi atapanda mlimani, na Dafroza alipanda, ingawa aliogopa macho ya mama yake. Alimkuta jikoni, moshi umejaa, sufuria kubwa ya makande ikitokota, na yeye akiisema ile sufuria kama mtu anavyomsema mkwe mvivu.

"Yesu na Maria! Tangu asubuhi! Tazama, maji yanaruka yanacheza, lakini maharage bado mawe. Mbegu hii hii nilimpelekea dada yako Beatha Dar. Kule unayaweka, hujamaliza rozari, yameiva! Haya ya kwetu ni makaidi."

"Si mbegu ile ile, mama?" Dafroza aliuliza, kwa kuuliza tu, huku akichochea kuni.

"Ile ile! Nadhani yakifika Dar yanajifunza haraka ya watu wa kule."

Dafroza alicheka. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni, akabaki ameshika ukuni unaowaka, amekodolea sufuria. Maji yanaruka, yanacheza, na maharage hayaivi. Maji yanachemka, lakini hayana moto wa kutosha. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ile ya pwani, kwa hiyo huchemka kabla hayajafika mia. Jambo hilo alilisoma shule ya sekondari. Alilijibu kwenye mtihani, akapata alama zote, akaliacha pale pale kwenye karatasi ya mtihani, akaja kufanya kazi Moshi chini ya kibandiko.

Maji ya Masama hayajawahi kuchemka kwa mia. Wala ya Moshi. Kule mjini yanachemka kwa tisini na saba! Kipimajoto hakikuwa mwongo. Kilikuwa kinasema kweli tangu siku ya kwanza, nao wakakisahihisha.

Kitabu kilitaka oveni iwe na nyuzi mia na tano. Wao walisoma mia na mbili, wakaongeza tatu zao, wakaridhika. Bibi alikuwa hapati moto unaotakiwa, maji yanabaki ndani ya punje, cheti kinasema kavu, mkulima anaacha kuanika. Si bahari, na wala si Masama.

"Weka huo ukuni, utajiunguza!" Mama Mektrida alifoka.

Dafroza aliuweka, akamkumbatia mama yake kwa nguvu mpaka kanga ikamvuka bega. Mama hakuelewa kitu, lakini alikumbatiwa, na Krismasi kukumbatiwa hakudhuru.

Kujua ni jambo moja, kuonyesha ni jingine. Dafroza alirudi Moshi na wazo rahisi: maji yanayochemka hubadilika na mahali, lakini barafu inayoyeyuka husimama kwenye sifuri, uwe pwani au uwe juu ya Kibo. Kipimajoto chenye upungufu wa tatu kingesoma chini ya sifuri kwenye barafu. Kilicho kizima kingesoma sifuri. Akamtuma Shedrack alete barafu.

Shedrack hakuchelewa. Alirudi na mfuko, akaitwanga barafu, akaijaza kwenye chombo, wakatumbukiza kipimajoto. Zebaki ikashuka, ikapita sifuri, ikazidi kushuka, ikasimama karibu na mbili chini.

"Si unaona!" Shedrack alishangilia. "Kinasoma chini! Mzee alikuwa sahihi. Tatu haikufika, lakini imekaribia!"

Dafroza aliketi chini. Aliiona Krismasi yake yote ikiyeyuka mle ndani ya chombo. Halafu akaona kwamba ile barafu ina rangi ya waridi. Alichovya kidole, akakiramba.

"Shedrack. Barafu hii umeitoa wapi?"

"Kwa yule mama pale getini."

"Barafu ya ubuyu?"

"Si barafu ni barafu, dada?"

Haikuwa barafu ni barafu. Maji yenye sukari na ubuyu huganda chini ya sifuri, na mtoto yeyote wa Moshi aliyewahi kuungua ulimi kwa barafu ya ubuyu angeweza kushuhudia. Dafroza alicheka mpaka machozi, na Shedrack, baada ya kuona hafukuzwi kazi, akaula ushahidi uliobaki mfukoni. Jioni hiyo waliweka maji safi ya maabara kwenye friji ya mama wa kantini, wakamwapisha asiweke samaki karibu. Asubuhi wakatwanga, wakatumbukiza, wakasubiri.

Sifuri. Juu yake hapakuwa na kitu, wala chini yake.

Kilichobaki kilikuwa kibandiko, na hapo Shedrack alikataa katakata. Mzee ndiye aliyemwajiri, Mzee ndiye aliyemfundisha kushika kopo. "Mimi siking'oi," alisema. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Dafroza hakwenda mikono mitupu. Alipanda tena Masama, akaenda mpakani mwa kihamba cha kwao, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, akachuma isale, lile jani refu ambalo Mchaga humpelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama hasira imekujaa mpaka kooni, unalipokea na mambo yanazungumzwa.

"Umemkosea nani?" mama yake aliuliza.

"Bado sijamkosea. Ndiyo nakwenda kumkosea."

Mzee Remigius aliishi mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi, kwenye nyumba yenye vipimajoto vitatu sebuleni. Dafroza alimwamkia shikamoo, akaweka isale mezani, akaweka chupa ya chai iliyojaa barafu, akaeleza. Alieleza polepole, macho chini, kama mwali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua kidevu.

"Binti, nilianza kupima kahawa kabla hujabatizwa."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Mzee alivaa miwani. Hakutaka kipimajoto cha Dafroza. Alikwenda kuchukua chake ukutani. Alikiinamia kile chombo cha barafu kwa muda mrefu, akakitoa, akakifuta, akakirudisha. Kisha alikwenda dirishani, na Dafroza akaogopa kwamba amemuua mzee wa watu. Siku hiyo hapakuwa na wingu. Kibo kilikuwa kimekaa juu ya mji mzima, cheupe, kama kila siku.

Mabega ya Mzee yalianza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Mlima wote huu una barafu kichwani," alisema. "Naamka nauona, nalala nauona. Na mimi, Remigius, sifuri nikaenda kuitafuta kwenye sufuria!"

Alicheka mpaka akakohoa, na alipogeuka macho yake yalikuwa na machozi, na si yote ya kicheko. Alilichukua isale, akaligeuzageuza. "Hili umeniletea mimi la nini? Wewe hujanikosea. Lina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani, baba?"

"Faulini kwanza."

Kesho yake alikuja maabara amevaa koti la suti. Alisogea mpaka kwa Bibi, akaubandua ule mwandiko wake wa ujanani kwa ukucha wa dole gumba, akaukunja, akautia mfukoni. Shedrack alitazama pembeni. Kisha wakampandisha Bibi mpaka nyuzi mia na tano za kweli, na kazi ikaanza upya: kahawa ya chini na ya juu, mikono tofauti, siku tofauti, joto likikaguliwa kila pembe ya oveni, barafu ikigandishwa kila wiki. Njia yenyewe ilikuwa ile ile ya zamani. Haikuwa na kosa hata moja isipokuwa hilo la kusahihishwa.

Kopo la pili lilifika. Walilivunja lakiri, wakapima, wakapeleka jibu. Majuma yaliyofuata Dafroza alimfokea kila mtu, mpaka mama wa kantini. Halafu alasiri moja mashine ya faksi ilikohoa, ikaanza kutoa karatasi taratibu kwa maringo, na Shedrack akaisoma kabla haijamaliza kutoka.

"Tumefaulu," alisema kwa sauti ndogo. Kisha kwa ile kubwa: "Dada, tumefaulu! Ni wa pili! Katika maabara zote! Wale waliosema tumuuze Bibi wako chini yetu!"

Dafroza aliinyakua, akaisoma, akaisoma tena. Alimwendea Bibi, akaegemeza paji la uso kwenye mlango wake wa chuma wenye vuguvugu, akalia bila kujificha. Furaha ilikuwa imemzidi kimo. Shedrack alikuwa ameshatoka getini, akiwanunulia wapagazi wote barafu ya ubuyu.

Jumapili ya Matawi, baada ya misa, watu wa Masama walijaa uwanjani mwa kanisa, kila mmoja na tawi lake mkononi. Wenseslaus alikuwepo pia. Vyeti vya Moshi vilikuwa vimeanza kupokelewa ng'ambo, na sasa aliitaka kahawa ya akina mama aliyoirudisha, ambayo walikuwa wameianika upya na kuipima upya. Katikati ya matawi yote yale akaonekana mzee wa mjini, amevaa koti la suti, ameshika kopo la rangi lenye udongo. Ndani yake ulisimama mche wa isale. Lile jani Dafroza alilichuma na kipande cha shina lake, na Mzee akalipanda, likashika.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mama Mektrida, akavua kofia.

"Mama," alisema mbele ya wote, "mlianika mpaka mimi nikawaambia inatosha. Haikuwa imetosha. Kosa lilikuwa kwenye kipimo changu, miaka yote. Hamkulowesha kahawa. Hamjawahi kulowesha."

Mama Mektrida alilitazama isale. Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameuma mdomo. Halafu akapokea kopo kwa mikono miwili.

"Isale halikataliwi, baba," alisema. "Nimepokea. Karibu nyumbani, tule. Ila utasubiri, maana maharage ya huku, kumbe, yana sababu."

Vigelegele vilipasuka, matawi yakarushwa juu, akina mama wa kikundi wakaanza kuimba na kumzunguka mwenyekiti wao. Wenseslaus naye akapenya katikati, tabasamu mpaka masikioni, mkono ameunyoosha, akaanza kusema habari za bei nzuri.

Mama Mektrida hakuupokea ule mkono. Alikiangalia kiganja kile kitupu, akainua kidevu kuelekea migombani, kwenye mpaka wa kihamba chake uliosimama kijani.

"Masale yako pale, mwanangu," alisema. "Kachume."